Alamu ya Zamani Ndani ya 4x4 ya Mtumba: Mwongozo Kamili wa Kuikagua, Kuing'oa na Kufunga Ulinzi Wako

Gari la 4x4 la miaka ya tisini lililotoka Japani au Uingereza halikufika Uganda likiwa tupu. Ndani ya dashibodi mara nyingi kuna kisanduku cha alamu alichofunga mwenye gari wa kwanza huko ng'ambo. Juu yake kuna kingine kilichofungwa Kampala. Na kama gari liliwahi kuwa la shirika, kuna traka, yaani kifaa cha kufuatilia gari lilipo, iliyosahauliwa humo siku ya mnada. Kila fundi alikata waya aliyoihitaji, akazungusha tepu nyeusi, akaondoka na ramani kichwani mwake. Miaka ishirini baadaye vitu hivyo havimsumbui tena mwizi. Anayesumbuka ni wewe: asubuhi betri imekufa, king'ora kinalia saa nane usiku na hakuna mtu, injini inashika halafu inazima baada ya sekunde mbili.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kung'oa. Mfumo mpya ukifungwa juu ya mabaki ya ule wa zamani, siku ya hitilafu hutajua ni upi uliozima gari, na fundi wa barabarani hatajua pia.

Magari ninayoyazungumzia ni yale tunayoyaona kila siku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda: Land Cruiser ndefu nyeupe za mashirika zenye injini ya 1HZ, Prado za 1996 hadi 2002, Hilux Surf, Pajero, Nissan Patrol. Tangu 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo gari la umri huo unalolinunua leo Arua, Lira au Kampala limeshapita mikono kadhaa humu humu nchini, na kila mkono umeacha waya wake.

Jua kwanza kilichomo

Keti kwenye kiti cha dereva, mchana, usifungue chochote. Tafuta taa ndogo nyekundu au ya bluu juu ya dashibodi ambayo haikutoka kiwandani. Pitisha kidole chini ya usukani na pembeni mwa boksi la fyuzi. Swichi ndogo ya kubonyeza isiyo na alama yoyote huwa ni ya kuilaza alamu gari linapoachwa kwa fundi. Vijicho viwili vya duara juu ya nguzo za kioo cha mbele ni vihisio vya kugundua mtu ndani ya gari. Stika ya Clifford, Viper au Cobra kwenye kioo cha pembeni nayo ni ushahidi, hata kama king'ora kilishakufa zamani.

Magari ya Japani yana vitu viwili vinavyowachanganya watu. Kile kisanduku kinachozungumza Kijapani ukifungua swichi ya ufunguo ni cha kulipia barabara za huko. Hakihusiani na ulinzi, chomoa, sahau. Cha pili ni taima ya turbo, kioo kidogo chenye namba kinachoiacha injini ikinguruma dakika moja au mbili baada ya kutoa ufunguo. Hicho ondoa bila huruma. Alamu nyingi hukataa kujifunga injini ikiwa inawaka, na gari linalonguruma bila dereva ni zawadi kwa anayepita.

Sasa ufunguo. Ulaya iliwalazimisha watengenezaji kuweka imobilaiza ya kiwandani, yaani kifaa kinachozuia injini isiwake bila ufunguo wenye chipu yake, kwenye magari mapya kuanzia Oktoba 1998. Japani haikuwa na sharti hilo wakati huo, ndiyo sababu Prado mbili za mwaka mmoja zinaweza kusimama bega kwa bega, ya Uingereza ikiwa na chipu kwenye ufunguo na ya Japani ikiwa na chuma kitupu. Kujua yako ni rahisi: mwambie fundi wa funguo akuchongee ufunguo mtupu usio na chipu, kisha jaribu kuwasha. Ikiwaka na kuendelea kunguruma, ama gari halina imobilaiza, ama kuna mtu aliipitia pembeni. Njia ya kuipitia pembeni ninayokutana nayo zaidi ni ya mtambo wa kuwasha gari kwa remoti: aliyeufunga alificha chipu ya ufunguo wa akiba karibu na silinda ya swichi ili gari lidhani ufunguo upo siku zote. Ukiikuta chipu hiyo, umepata akiba ya bure na ulinzi wa kiwandani umerudi. Itoe, ihifadhi nyumbani.

Ndipo ufungue plastiki za chini ya usukani na boksi la glavu. Kabla ya hapo toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kama gari lina mifuko ya hewa. Waya na plagi za rangi ya njano ni za mifuko hiyo; usizipime kwa taa ya kupimia, usizikate, usizisogeze bila sababu.

Unachotafuta humo ni kazi isiyofanana na ya kiwanda: vibanio vya plastiki vya bluu au vyekundu vilivyoung'ata waya, tepu inayonata mkononi, fyuzi inayoning'inia peke yake, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) isiyo na makazi. Alamu nyingi zilizofungwa Uingereza miaka ya tisini zina tabia moja ya kuudhi: waya zote ni nyeusi. Mifumo iliyopimwa na Thatcham, kituo cha Uingereza cha kupima ulinzi wa magari, katika daraja la kwanza ilitakiwa imchoshe mwizi, kwa hiyo kilichotofautisha waya na waya ni maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda lake. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, washa tochi, utayaona.

Surf moja iliyofika Arua ikivutwa kwa kamba kutoka upande wa Koboko ni mfano mzuri. Ilipopigwa starta ilishika, ikazima, ikashika, ikazima. Pampu ilikuwa imeshalaumiwa na nozeli zimeshafunguliwa njiani. Chini ya usukani palikuwa na kisanduku cheusi cha ukubwa wa pakiti ya sigara, waya zake zote nyeusi, mbili kati ya hizo nene, zikitoka kwenye swichi ya ufunguo, zikiingia humo na kutoka upande wa pili. Kwenye kona ya boneti kulikuwa na king'ora chenye betri yake ya ndani, na betri hiyo ilikuwa imevuja hadi pini za plagi zikaota chumvi ya kijani.

"Fundi, gari hili ni langu mwaka wa nne," mwenyewe akasema. "Sina remoti, na alamu sijawahi kuisikia."

"Mzee, betri ulibadilisha lini?"

"Juzi."

Basi ni hapo. Alamu ilikuwa imelazwa kwa ile swichi ndogo tangu enzi za mmiliki aliyetangulia. Umeme ulipokatika wakati wa kubadilisha betri, kisanduku kiliamka kikiwa kimejifunga, na hapakuwa na remoti ya kukifungua.

Volti 12 au 24?

Hatua fupi, lakini ukiiruka utachoma vitu. Land Cruiser na Patrol nyingi za dizeli za soko la Japani zina mfumo wa volti 24, au starta ya volti 24 na vitu vingine vya volti 12. Betri mbili chini ya boneti hazikuambii kitu. Zinaweza kuwa zimeungwa sambamba na zikabaki volti 12. Weka multimita pale pale utakapochukua umeme wa alamu, pima gari likiwa limezima na ukiwa umefungua swichi. Na mtu mwingine apige starta ukiendelea kutazama, kwa sababu kwenye mifumo ya mchanganyiko usomaji wa waya fulani hubadilika wakati huo. Rilei ya volti 12 ikilishwa 24 huungua.

Usipunguze volti kwa kuchukua umeme kutoka betri moja kati ya mbili zilizoungwa mfululizo. Betri hiyo itazeeka kabla ya mwenzake, na utanunua zote mbili.

Pima umeme unaovuja gari likilala

Funga milango, au bonyeza swichi za milango ili gari liamini imefungwa. Weka multimita kwenye ampea 10, toa waya hasi wa betri, ingiza mita katikati ya nguzo ya betri na waya huo. Usifungue swichi wala kupiga starta mita ikiwa hapo. Fyuzi yake itakatika. Subiri nusu saa ili kila kitu kilale.

Gari la umri huu likiwa zima linapaswa kuvuta chini ya miliampea 50. Ukiona 200, fanya hesabu: ni karibu ampea-saa 5 kwa siku, na betri ya 70 itakuwa imepoteza nusu yake ndani ya wiki moja. Mtu aliyeacha gari Arua akaenda Kampala kwa basi kwa siku kumi atarudi akute halitingishiki.

Ng'oa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Ikishuka, umepata njia. Isiposhuka hata baada ya kumaliza boksi zima, mla umeme ameungwa moja kwa moja kwenye betri au kwenye waya nene wa swichi ya ufunguo, na hiyo ndiyo tabia ya vitu vilivyofungwa baadaye. Kwenye magari ya mashirika, fuata waya nene unaotoka betri kwenda nyuma ya viti: ulikuwa wa redio ya masafa marefu. Kisha tazama nyuma ya paneli ya spidi. Traka za zamani hukaa hapo, zikitafuta kila baada ya muda seva ambayo haipo tena.

Kung'oa bila kuliua gari

Piga picha kwanza. Zifunge waya vipande vya tepu nyeupe na uandike kila mmoja unatoka wapi. Usitegemee rangi, waya wa starta unaoujua kwenye Toyota ya mwaka mmoja unaweza kuwa wa rangi nyingine kwenye ya miaka mitatu baadaye, hasa kama mtu alishaubadilisha.

Kisanduku cha kawaida kina waya wa chanya wa kudumu, wa hasi, wa swichi, mbili za indiketa, za milango, za kufunga na kufungua loki, na wa king'ora. Hizi kwa kawaida zimebanwa juu ya waya za gari bila kuzikata, kwa hiyo ukizitoa gari haliathiriki. Zilizo tofauti ni jozi. Pale fundi alipokata waya wa gari na kupitisha ncha zote mbili ndani ya rilei ya alamu, hapo ndipo panapozima injini. Kwa kawaida kuna jozi ya starta na jozi ya mafuta au ya swichi. Tafuta jozi zote kabla ya kutoa kisanduku, maana ukikitoa bila kuziunga tena, gari halitawaka, na utaanza kudhani umeharibu kitu kingine.

Unga jozi moja, jaribu kuwasha, kisha nenda ya pili. Tumia waya wa unene ule ule au zaidi. Waya za swichi ya ufunguo hubeba umeme mwingi, na kiungo chembamba hupata joto hadi plastiki inanuka. Ukilehemu kwa risasi, kifunike kiungo kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto, kisha kifunge kwenye fungu la waya ili kisicheze. Barabara za murramu huvunja waya pale pale risasi inapoishia ikiwa kiungo kinaning'inia. Kibomba kidogo cha shaba cha kuungia waya kilichobanwa kwa koleo la kazi hiyo kinatosha pia. Kilichobanwa kwa plaizi ya kawaida hakitoshi.

Kila mahali ulipotoa kibanio cha bluu, kagua ganda la waya. Huwa pamekatwa kidogo, na maji ya kuvuka mto au kuoshea gari huingia hapo yakatambaa ndani kimya kimya. Funika.

Watu huniuliza kama alamu ya zamani ikiwa nzima waiache. Ningeiacha kwa sharti moja: una remoti mbili zinazofanya kazi na unajua namba ya siri ya kuizima. Ukiwa na remoti moja tu, iliyochakaa, ing'oe sasa kwa utulivu badala ya kuing'oa usiku njiani. Jambo jingine ni kwamba remoti za mwanzoni mwa miaka ya tisini hutuma kodi (msimbo wa siri) ile ile kila unapobonyeza, na mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anaweza kuirudia. Zilizofuata hubadilisha kodi kila mara. Ukinunua mpya, sharti lako la kwanza liwe hilo la kodi inayobadilika.

Ukate wapi?

Hapa ndipo ulinzi wenyewe ulipo. King'ora huita watu, na watu wakizoea kukisikia hawageuki tena. Kinacholiacha gari mahali lilipo ni umeme uliokatwa mahali pazuri, na mahali pazuri hutegemea injini.

Dizeli ya zamani ya pampu ya kimakanika, kama 1HZ ya Land Cruiser au TD42 ya Patrol, ikishawaka haihitaji umeme isipokuwa kwa kitu kimoja: solenoidi ndogo juu ya pampu inayoruhusu mafuta kupita. Ikikosa umeme, injini inazima. Solenoidi hiyo inavuta umeme kidogo, kwa hiyo swichi ya siri ya kawaida inaimudu bila rilei. Kata waya wake ndani ya chumba cha dereva, mbali na pampu, ili anayefungua boneti asione mkato wowote. Lakini mwizi anayeijua injini atachukua kipande cha waya kutoka betri hadi kichwa cha solenoidi, na kazi yako imekwisha. Tengenezesha bamba la chuma linalofunika kichwa hicho, lifungwe kwa bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, na ufunge boneti kwa loki ya ziada. Kebo ya boneti ya magari haya huvutika kwa ndoano kupitia gridi.

Kukata starta peke yake hakutoshi kwa gari la gia za mkono. Vijana wanne na mteremko mdogo vinatosha kuliwasha. Kwa gari la gia za otomatiki hilo haliwezekani, kwa hiyo mkato wa starta pale una uzito zaidi.

Prado na Surf zenye 1KZ-TE zina pampu inayoongozwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Usiguse waya za pampu yenyewe wala za vihisio. Hitilafu ndogo hapo itakupeleka kwa fundi wa kompyuta kwa wiki nzima. Kata umeme wa kuamsha rilei kuu ya injini, ule mwembamba. Kwa petroli, kama 3RZ-FE, 5VZ-FE au 1FZ-FE, kata njia ya pampu ya mafuta. Fahamu tu kwamba presha iliyobaki kwenye bomba italipeleka gari hatua kadhaa kabla ya kuzima, basi usishangae ukilikuta katikati ya barabara na si mlangoni kwako.

Kuhusu rilei. Ya pini tano ina 30, 85, 86, 87 na 87a. Ukipitisha njia kwenye 30 na 87a, gari linawaka rilei ikiwa haina umeme. Mwizi akichomoa kisanduku, amelifungua. Ukipitisha kwenye 30 na 87, gari halipati njia mpaka rilei ipewe umeme. Akichomoa kisanduku, gari limekufa. Mafundi wengi hupenda 87a kwa sababu haileti malalamiko. Mimi kwa starta natumia 87 kila mara: rilei ikiharibika ukiwa safarini, injini inayowaka haijali. Kwa mafuta naona swichi ya mkono ya siri, ya ubora, ina maana zaidi kuliko rilei ya bei rahisi inayoweza kukuzimia gari ukipanda mlima nyuma ya lori. Na kama starta ya gari lako haina rilei yake ya kiwandani, usipitishe waya wake mnene kwenye swichi ndogo. Funga rilei ya ampea 40, swichi iamshe rilei tu.

Swichi ya siri isikae chini ya usukani. Kila mtu hutafuta hapo kwanza. Chini ya zulia karibu na reli ya kiti, nyuma ya kifuniko cha plastiki kinachofunguka kwa mkono, au tumia swichi ambayo tayari ipo na haifanyi kazi, kama ya taa za ukungu zilizoondolewa. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote. Iko mbele ya macho ya mwizi, naye hawezi kuiona.

Alamu mpya

Hapa sitakawia. King'ora kikae chini ya boneti, mdomo ukitazama chini, mbali na egzosi na turbo, na mahali ambapo mkono hauwezi kukifikia kutoka chini ya bampa. Weka swichi ya boneti. Alamu isiyojua kuwa boneti imefunguliwa inalinda viti tu. Fyuzi ya alamu iwe karibu na chanzo cha umeme, isiwe mwisho wa waya.

Kihisio cha mtikisiko ukianze chini kabisa, ukipandishe taratibu. Kikiwa kikali, radi za msimu wa mvua na boda zilizotobolewa mafla zitakiliza usiku kucha, na majirani wataomba uking'oe. Vihisio vya ndani vya kioo cha mbele sivipendi kwa gari linaloachwa madirisha yakiwa wazi kidogo kwa joto la hapa. Nzi mmoja anatosha.

Traka

Traka nyingi hutumia waya nne: chanya, hasi, swichi, na wa kuamrisha rilei. Kifaa kikae juu, uso wa antena ukitazama angani, chini ya plastiki na si chini ya bati. Hakikisha kina betri ya ndani, kwa sababu mwizi mzoefu huanza kwa kutoa waya wa betri.

Laini ya simu isajiliwe kwa jina lako mwenyewe. Wengi huacha fundi aweke laini yake, kisha siku ya shida fundi hapatikani, au laini imefungwa kwa kutotumika. Weka salio, na uandike kwenye kalenda ya simu tarehe ya kuliongeza. Badilisha neno la siri siku hiyo hiyo. Traka nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani na 123456, na anayejua namba ya laini anaweza kuliamrisha gari lako.

Kwa sisi tulio karibu na mipaka kuna jambo la ziada. Kutoka Arua hadi Vurra ni safari fupi, na Oraba baada ya Koboko si mbali. Gari likivuka kuingia Kongo au Sudan Kusini, laini isiyo na huduma ya kutumika nje ya nchi hunyamaza. Traka nzuri huhifadhi njia iliyopita na kuituma mtandao ukirudi, lakini gari likiwa halirudi hilo halikusaidii. Uliza mtandao wako kuhusu huduma hiyo na uiwashe mapema. Weka pia uzio wa ramani: gari likitoka nje ya mji usiku, simu ilie kabla halijafika mpakani.

Uwezo wa kuzima injini kwa simu utumie kwa hadhari kubwa. Gari zito likizimwa linakimbia hupoteza nguvu ya usukani na msaada wa breki, na anayegongwa anaweza kuwa mtoto anayerudi shule. Pangilia kifaa kizime tu mwendo ukiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, au kizuie gari lisiwake tena baada ya kusimama. Kama kifaa hakina uwezo huo, unganisha rilei yake kwenye starta badala ya mafuta.

Usidhani namba mpya za kidijitali za magari ya Uganda, zilizoanza na magari ya serikali mwishoni mwa 2023, zinachukua nafasi ya traka. Ule ni mfumo wa serikali. Hautakuonyesha gari kwenye simu yako saa tisa usiku.

Chuma, na vitu vinavyoibwa vipande vipande

Mara nyingi mwizi halitaki gari zima. Anataka vioo vya pembeni kwenye foleni ya Kampala, taa, gurudumu la akiba la mlango wa nyuma, betri, kontroli boksi. Chonga namba ya gari kwenye vioo vyote na kwenye lenzi za taa. Kilichochongwa hakiuziki kwa urahisi sokoni. Gurudumu la akiba lifungwe kwa nati yenye ufunguo wake, na betri kwa kibano cha chuma chenye kufuli.

Kontroli boksi kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya boksi la glavu upande wa abiria. Mchomeleaji mzuri atakutengenezea kizimba cha bamba, kifungwe kwa bolti ambazo kichwa chake hukatika zikikazwa. Atoboe matundu ya hewa, na asichomelee chochote kikiwa ndani ya gari huku betri imeungwa.

Magari yenye mkono wa pili wa gia za 4x4 yana ulinzi wa bure. Ukiuweka kwenye N, injini inaweza kuwaka na gari lisisogee, na mwizi mwenye haraka hukata tamaa kabla ya kuelewa. Ila ukifanya hivyo, gia kuu au P haishiki tena magurudumu. Kinacholishika gari ni breki ya mkono peke yake. Fanya mahali tambarare tu, na uweke jiwe.

Jaribu, chora, gawa habari

Kazi ikiisha, jifanye mwizi. Kaa ndani na dirisha likiwa wazi, funga alamu, subiri, fungua mlango kwa ndani. Toa waya wa betri uone kama king'ora na traka vinabaki hai. Jaribu kuwasha gari swichi ya siri ikiwa imekata umeme: lisukumwe, kisha upige starta. Pima tena umeme unaovuja. Ukiwa umepanda zaidi ya miliampea 50, tafuta kabla ya kufunga plastiki. Rudia vipimo vyote baada ya wiki ya barabara mbaya, kwa sababu kiungo kibovu hujitokeza hapo.

Kisha chora mchoro kwa kalamu: kila waya uliokatwa, rilei iko wapi, fyuzi iko wapi. Uhifadhi nyumbani pamoja na logibuku (hati ya umiliki wa gari) na namba ya chasisi, usiuweke ndani ya gari. Siku gari likipotea, polisi kwa 999 au 112 watataka namba hiyo, na kwa Land Cruiser nyingi imegongwa kwenye chasisi upande wa gurudumu la mbele la kulia. Ipige picha sasa kabla ya matope kuifunika.

Dereva wako lazima ajue swichi ya siri. Fundi wa breki na muosha gari hawahitaji kuijua. Ukiliacha gari kwao, ilaze alamu kwa ile swichi ndogo, acha mafuta yakiwa wazi, na ukilichukua, hakikisha hakuna kisanduku kipya chini ya usukani.